Siku Kumi na Tisa Nilizopika Vipimo

Mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona. Uko uani kwenye kigoda cha mkeo, unapaka rangi kiatu cha kushoto kwa mara ya tatu na cha kulia hujakigusa. Mimi niko sebuleni, hatua kumi hivi kutoka ulipo, namwandikia barua mtu anayeweza kunisikia nikikohoa. Ndivyo nilivyo, unajua. Maneno yangu hupitia kwenye kalamu. Mdomoni hutoka shikamoo tu, nayo kwa shida.

Najua pia kwamba si kawaida mtoto wa kidato cha nne kumwita baba yake "mwanangu". Lakini ulianza wewe. Ulinipa jina la mama yako, Nakijwa, kama tunavyofanya huku kwetu Upareni, na tangu nikiwa nabebwa mgongoni hujawahi kuniita kitu kingine zaidi ya "mama". "Mama, njoo ule." "Mama, nani kavunja kikombe hiki?" Na mkeo, ambaye ndiye aliyenizaa, akitaka nioshe vyombo ananigeuza mama mkwe wake: "Mkwe wangu, siwezi kukuamuru mtu mzima kama wewe, ila masufuria yale pale." Kwa hiyo nina miaka kumi na saba na mtoto wa miaka arobaini na nne. Kesho mtoto huyo anashuka Same kupanda basi la Dar es Salaam, anakwenda chuo kusomea uhandisi wa maji. Kila mama ninayemjua, mwanawe akiondoka, ana maneno ya kumwambia. Haya ndiyo yangu.

Sitagusa mambo ya soksi. Mkeo ameshayasema tangu Jumatatu, na tangawizi aliyokufungia inatosha kutibu mafua ya bweni zima. Wala sitakuambia usiwaogope wale vijana utakaokaa nao darasani. Siku ya kwanza watasimama wote ukiingia, wakidhani wewe ndiye mwalimu, na wewe utaona haya kuliko wao. Hayo utayamaliza mwenyewe. Mimi nataka kukueleza kosa langu. Ni kosa moja, ila nililifanya siku kumi na tisa mfululizo.

Ni kuhusu daftari.

Barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi anayetoka kazini aje na vipimo vyake mwenyewe, vya siku zisizopungua tisini, kwa sababu somo la upimaji na uchambuzi wa takwimu litavitumia muhula mzima. Wewe ni fundi bomba wa jumuiya yetu ya maji, ukachagua kijito chetu. Nakumbuka ulivyofurahi. Ulinunua daftari kubwa, ukaandika juu yake JINA, SOMO, SHULE, halafu ukashangaa kwenye "shule" uandike nini. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ulikwenda kwenye banio, ule ukuta mdogo unaokusanya maji ya kijito na kuyaingiza bombani. Unaweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba la pembeni, unabonyeza saa ya simu, unahesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Mara tatu. Unatafuta wastani, unaandika.

Halafu ukaitwa Ndungu kwenda kutengeneza milango ya mifereji ya mpunga, wiki tatu.

"Mama," uliniambia, "hii kazi nakuachia wewe. Ndoo, saa, daftari."

Nikaisogeza ndoo kwa kidole cha mguu.

"Unaogopa nini? Ndoo haiumi."

Kweli ndoo haiumi. Sasa ngoja nikuambie kinachouma.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenye banio wapo wanawake wote wa kitongoji chetu wanaochota maji kabla ya kwenda shamba, na wengi ni wa rika la bibi yangu. Wewe ukifika wanasema "fundi kaja" na wanakupisha. Mimi nikifika, amefika Nakijwa. Bibi Nakijwa, wanavyosimulia, alikuwa akiita mtu kutoka huku juu, watu wa bondeni wanaitika watatu. Alimnyamazisha mnadishaji mnadani. Kwa hiyo wananitazama wakisubiri sauti ile itoke, kana kwamba jina huja na koo lake. Jina nililipata. Koo walimzika nalo.

Siku ya kwanza nilifika na ndoo yako na simu. Niliwahesabu: shikamoo kumi na moja. Nikazitoa zote, moja moja, nikiwa nimetazama vidole vya miguu yangu. Bibi Namsifu, aliyekuwa shoga wa mama yako, akanipokea:

"Haa, mwenzangu Nakijwa! Kumbe hukufa, ulikwenda kutafuta ndoo!"

Wakacheka. Nikatega ndoo, nikabonyeza saa. Hapo hapo akapita Mzee Elinazi na jembe lake begani. Unajua Mzee Elinazi alivyo. Alikuwa rafiki wa babu, na kwa utani wa babu na mjukuu mimi ni mke wake.

"Mke wangu!" akaita kutoka mbali. "Asubuhi yote hii uko mtoni unachezea simu? Chai yangu kapika nani?"

"Mjibu mumeo, Nakijwa!" Bibi Namsifu akasema. "Mwambie na yeye sukari kaleta lini!"

Bibi mwenyewe angemjibu neno ambalo mzee yule angelitembea nalo mpaka shambani. Mimi, baada ya kufikiri kwa muda mrefu, nikasema:

"Shikamoo."

Mke anamwamkia mumewe shikamoo! Walicheka mpaka Mama Kiondo akamwaga ndoo aliyokwisha kujitwika. Nilipokumbuka saa, ndoo yangu ilikuwa inafurika zamani na simu inasoma dakika mbili na sekunde nane. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha kisayansi, kipimo cha muda wa wanawake kumi na mmoja kumaliza kucheka. Nilirudia, nikapata thelathini na tatu. Kesho yake nikaenda tena, shikamoo kumi na tatu, mume mmoja, sekunde thelathini na nne.

Siku ya tatu nilifika kwenye kona ya mwisho kabla ya banio, ile yenye jiwe kubwa, nikasikia sauti zao. Nikasimama. Nikageuka. Nikarudi mpaka nyuma ya migomba yetu, nikakaa juu ya ndoo, nikatoa kalamu. Nikaandika: thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tatu.

Mwanangu, wanaosema kupika vipimo ni uvivu hawajawahi kupika. Kupima ni dakika kumi. Mimi kupika kulinichukua karibu saa nzima kila siku, na nilikuwa nachelewa shule. Nilijiwekea masharti. Nisiandike namba inayoishia na sifuri, kwa sababu sifuri inaonekana imebuniwa. Nisirudie namba zilezile tatu siku mbili zikifuatana. Nibadilishe kalamu, bluu siku mbili, nyeusi siku moja. Kuna siku niliandika thelathini na saba, nikaiona imezidi, nikaifuta kwa mate nikaandika thelathini na tatu. Na ili daftari lionekane limefika mtoni, nilikuwa nachovya vidole kwenye maji ya kuku nanyunyizia ukurasa. Ukitazama vizuri, kurasa zangu zimelowa kuliko zako zote. Wewe uliyekuwa unatega ndoo kweli kurasa zako ni kavu, kwa sababu mtu anayepima kweli hulinda daftari lisilowe.

Niliapa kila jioni kwamba kesho naenda. Kesho nasikia sauti kwenye kona, narudi. Siku kumi na tisa. Nilidhani ukirudi utaangalia mara moja tu na kusema haya, asante mama, basi.

Ulirudi, ukanunua karatasi ya manila Same, ukaibandika pale ukutani juu ya redio, ukachora mstari wa siku zote. Nilikuwa nimeshika beseni nikaliweka chini. Mstari wako ulikuwa unaruka kama mbuzi: thelathini na moja, thelathini na tatu, hamsini, thelathini na mbili, arobaini na nane. Halafu ukafika zamu yangu, ukalala. Ukalala chali kama meza siku kumi na tisa. Halafu ukarudi wewe, mbuzi akaendelea.

Nilijua nimekwisha. Nikasubiri useme.

Ulivua kofia, ukasogea karibu na ukuta, ukasema taratibu: "Mama. Kumbe una mkono uliotulia namna hii?"

Ningesema pale. Mdomo ulikuwepo, na wewe ulikuwepo, na mkeo alikuwa jikoni, hakuna mtu mwingine. Nilisema: "Nilikuwa natega ndoo vizuri."

Samahani kwa sentensi hiyo kuliko kwa namba zote.

Kuanzia hapo kila mgeni aliyeingia alionyeshwa ukuta. "Hapa nilipima mimi, macho ya uzee haya. Hapa alipima mama." Mchungaji alikuja kutuombea kwa ajili ya safari yako, akaonyeshwa. Akasema Mungu anipe utulivu huo huo maishani. Mkeo akasema amina kwa sauti. Mimi nilikwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa, saa tisa mchana.

Shuleni napo hapakukalika. Unajua msingi nilisoma kwa Kiswahili, tukajifunza wastani, nikaupenda. Nilipofika sekondari masomo yakageuka Kiingereza, nikaletewa kitu kinaitwa mean, na mwaka mzima nilidhani mean ni ndugu yake wastani wa mjini, ana tabia nyingine. Niliona aibu kuuliza. Nikawa nakokotoa vyote viwili kwenye mtihani, kwa usalama, na kushangaa vinavyofanana. Sasa mwezi uliopita mwalimu wa hesabu alifika kwenye mtawanyiko wa namba, akasema wastani peke yake hautoshi, lazima ujue namba zimesambaa kiasi gani kuuzunguka. Kwa mara ya kwanza toka kidato cha kwanza nilinyoosha mkono. Darasa zima liligeuka kama vile dawati limeongea.

"Mwalimu, je, mtu akipima kitu cha nje, kama maji, siku nyingi, halafu namba zake hazisambai kabisa?"

Mwalimu akafikiri. "Ana kifaa kizuri kupita vyote Afrika," akasema, "au hakutoka nyumbani."

Wenzangu walicheka. Mimi niliandika jibu hilo kwenye daftari, neno kwa neno, kama lingetoka kwenye mtihani.

Hapo bado ningeweza kulala. Nilijiambia, ni siku kumi na tisa tu kati ya tisini na zaidi, atakwenda nazo, zitamezwa na zingine. Kilichoninyima amani ni ulichoanza kufanya wewe. Ulikwenda Same ukanunua miwani. Ulianza kutega ndoo mara sita badala ya tatu, na namba zikakataa kutulia, ukawa unarudi nyumbani umenuna. Wiki iliyopita ukachukua daftari jipya, ukaanza kunakili nakala safi ya kwenda nayo chuoni. Nikapita nyuma yako na chai. Kila namba yako iliyozidi arobaini ulikuwa huinakili. Ulipiga mstari mwekundu kwenye daftari la zamani na kuandika pembeni: *kosa la mpimaji*.

Kosa la mpimaji. Kosa la mpimaji. Nilihesabu kumi na nane. Mpimaji aliyeamka, akatembea gizani na ndoo, akahesabu sekunde hamsini kwa sababu maji yalichukua sekunde hamsini, anajifuta mwenyewe ili afanane na mpimaji aliyekaa nyuma ya migomba akichovya vidole kwenye maji ya kuku.

Na jioni hiyo, tukila makande, ukamwambia mkeo, "Nimeshapiga hesabu ya tangi. Maji yetu ni ya kutulia kumbe, yanakuja vilevile kila siku. Tangi dogo linatosha. Nitalichora kama kazi yangu ya chuo, kamati wakipenda wajenge." Mkeo akasema vizuri, gharama itakuwa ndogo. Mimi nilirudisha kijiko sahanini. Hata mimi ninayejua kidogo najua tangi halijengwi kwa ajili ya siku nzuri. Siku nzuri bomba linatosha. Tangi linajengwa kwa ajili ya siku ya sekunde hamsini, na siku zote za sekunde hamsini ulikuwa umezifuta kwa kalamu nyekundu, kwa ajili yangu.

Kwa hiyo Jumatano hii niliamka kabla yako. Ulidhani nimekwenda shule mapema. Nilichukua ndoo nikaenda mpaka kwenye ile kona yenye jiwe. Nikasikia sauti zao. Sitasema nilipata ujasiri. Nilijikwaa tu kwenye jiwe, ndoo ikaanguka ikabiringika mpaka katikati yao, ikabidi niifuate.

"Nakijwa!" Bibi Namsifu akaikamata ndoo kwa mguu. "Leo umefika? Mwezi ule ulikuwa unakuja mpaka pale kona, unageuka. Tukasema huyu ana mchumba kule nyuma ya jiwe, tumwache."

"Hamna mchumba, bibi," nikasema.

"Kumbe?"

"Nilikuwa nawaogopa."

Nilitegemea kicheko kikubwa kuliko vyote. Walicheka, ndiyo, lakini kidogo, na Mama Kiondo akanivutia pembeni nikae juu ya jiwe. "Utuogope kwa lipi? Sisi tunapiga kelele tusisinzie," akasema. "Haya, pima maji yako."

Nikatega. Sekunde hamsini na moja. Nikarudia. Hamsini na tatu. Nikadhani ni simu. Nikarudia tena, hamsini na moja.

"Inachelewa," nikasema, kwa mshangao, kwa sauti.

"Si Jumatano?" Bibi Namsifu akasema.

"Jumatano ina nini?"

Wakatazamana. Nikaona kuna jambo kila mtu pale analijua. Bibi Namsifu akashusha sauti, yaani akawa anasikika kwa nyumba tatu badala ya saba. Akaniambia wenzetu wa kitongoji cha juu tangawizi yao imeanza kunyauka, zamu yao waliyopangiwa ya kujaza ndiva, lile bwawa lao la udongo la kumwagilia, haiwatoshi. Kwa hiyo tangu kiangazi kianze wanafungulia maji kwenda kwenye ndiva yao usiku wa kuamkia Jumatano na wa kuamkia Jumamosi, nje ya zamu. Yakifika huku asubuhi ni hayo tuliyobakiwa nayo.

"Baba hajui," nikasema.

"Nani amwambie? Baba yako ni mtu wa kamati. Ukimwambia, kesho kuna kikao, keshokutwa kuna faini, na wale ni shemeji zetu. Sisi tunakuja mapema tu, tunapanga foleni. Jumatano zote hizi tunakaa hapa mpaka jua linatuunguza shingo." Halafu akanishika mkono. "Na wewe majina usitaje, mwenzangu. Siku zitaje. Siku hazina shemeji."

Nilirudi nyumbani nikatafuta daftari lako la zamani. Halikuwepo mezani. Mkeo alikuwa nalo jikoni: wewe ulikuwa umemaliza nakala safi ukalitupa, naye alikuwa analiwashia moto. Nililichukua mkononi mwake, mwanangu, mimi, nikasema "Mama, hapana," kwa sauti iliyomfanya ageuke kuangalia nani kaingia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha kuungua. Siku nne. Nyingine zote zipo, zinanuka moshi.

Nikachukua kalenda ya ukutani, nikakaa chini, nikaweka namba zako nyekundu mbele ya siku zake. Zote zilizobaki, mwanangu. Jumatano. Jumamosi. Jumatano. Jumamosi. Hakuna hata moja iliyoangukia Jumatatu. Hukuwa na kosa la mpimaji hata asubuhi moja. Macho yako ni mazima. Rudisha ile miwani kama wanapokea. Ulikuwa unaandika habari ya kijiji kizima bila kuambiwa na mtu, na daftari lilikuwa linakuambia.

Alhamisi nikaenda: thelathini na tatu. Ijumaa: thelathini na mbili. Leo Jumamosi: arobaini na tisa, na Mzee Elinazi alipita, akauliza chai. Nikamwambia chai ipo, alete kwanza mahari. Akasimama katikati ya njia na jembe. Bibi Namsifu alipiga kigelegele. Sikujua kama hilo neno lilikuwa ndani yangu. Mpaka sasa masikio yangu yana moto, lakini nililisema.

Hapo ndipo nilipoona hasara yangu yote ilivyo kubwa. Ndani ya zile siku kumi na tisa mlikuwa na Jumatano na Jumamosi zake, tano, labda sita. Wanawake wale walikaa pale juani wakingoja ndoo ijae, na mimi nyuma ya migomba nikaandika kwamba ilijaa kwa sekunde thelathini na tatu. Niliwapa maji ambayo hayakuwepo. Na niliwakimbia watu wale wale ambao, kama ningekaa nao dakika kumi, wangeniambia kwa nini ndoo inachelewa. Niliona aibu ya kuchekwa, nikaficha kiu ya watu. Sijui kama chuoni watakufundisha kanuni ya kukokotoa kitu hicho.

Sasa sikiliza, na hili nakuambia kama mama aliyekosea, si kama anayejua. Utakutana na namba zinazoruka na utatamani zitulie. Vijana wenye kompyuta watakuonyesha mistari iliyonyooka mpaka uone aibu kwa mbuzi wako. Mimi nilizaa mstari ulionyooka. Najua unavyotengenezwa. Ukiona namba imekaa mbali na wenzake, usiifute kabla hujaiuliza ilikuwa siku gani, na nani alikuwepo. Na kama hujui, acha ikae pale, ikuudhi. Zile siku nne zilizoungua usizibuni, wala usizikisie kwa mchoro wa ukutani, vipimo vyake vitatu vitatu havipo tena popote. Andika hazipo, ziliwashia moto wa uji. Mwalimu wako akicheka, acheke. Ndoo haiumi na kuchekwa hakuumi, nimejaribu vyote viwili.

Kuhusu tangi, wewe ndiye fundi. Lakini wale wa juu nao wana tangawizi inayokauka, na labda tangi kubwa lingemaliza haja ya watu kuamka usiku kufungulia maji kwa kunyemelea. Labda. Nimewaza tu nikiwa na ndoo. Majina usiniulize, kwa kuwa nimeahidi. Siku zenyewe nimekuandikia kwenye karatasi ya kati ya barua hii.

Mwanzoni nilipanga kuichomeka barua hii ndani ya daftari lako jipya, uikute umeshapita Mombo, nikiwa mbali nawe kwa kilomita nyingi na aibu yangu ikiwa salama nyumbani. Nimeibadilisha nia hiyo mara mbili nikiandika, na umeshahamia kiatu cha kulia. Ukiisoma barabarani huwezi kurekebisha lolote. Utafika chuoni na daftari la uongo ambalo sasa unajua ni la uongo, na hiyo ni mbaya kuliko kutojua. Mchana bado mrefu. Kunakili upya kurasa zote ni kazi ya saa tatu kwa watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Nitasoma mimi. Kwa sauti.

Kwa hiyo siichomeki popote. Naikunja, natoka nayo uani, nakupa mkononi, na nitasimama hapo hapo mbele yako mpaka umalize kuisoma, sitakwenda kuangalia kuku. Daftari la moshi nimelishika. Siku zangu kumi na tisa sijazigusa, kwa sababu daftari ni lako na kufuta ni kwako. Kalamu nyekundu iko kwenye mfuko wako wa shati. Ukifika mwisho wa mstari huu usinitazame kwanza. Fungua nilipoandika siku ya tatu, na uanze kupiga mstari hapo.

Nakijwa